Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyeacha Sauti Yake Duniani

Na Mwandishi Wetu

Katika Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabati uliopakana na viwanda vya Nairobi, yuko mama mmoja mzaliwa wa Likoni anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, kabla wafanyakazi hawajashika njia ya kwenda kazini. Amekaa huko miaka mingi, na watu wa pwani waliofuata kazi Nairobi wamjua kwa chakula chake. Majuzi mama huyu alipatikana na mtihani ambao hakuutazamia.

Binti yake alirudi nyumbani jioni akamweleza kwamba vijana wa mtaa wanatayarisha mchezo wa kuigiza, na yeye amechaguliwa kuwa Siti binti Saad.

"Mama, nakuomba ruhusa," alisema binti.

"Ruhusa ya nini, mwanangu?"

"Nipande jukwaani, niimbe."

Mama aliweka mwiko chini. "Na watu wa kwetu wakisikia watasemaje? Mtoto wa Kiislamu asimame mbele za watu, atazamwe?"

"Lakini Siti naye alikuwa Mwislamu, mama. Na mwenyewe hukusema kwamba nana alikuwa na santuri zake?"

"Nana alikuwa akisikiliza, mwanangu. Hakuwa akitazamwa."

Msomaji mpenzi, usimcheke mama huyu. Jibu lake limebeba jambo kubwa kuliko alivyodhani, kwani miaka mia moja iliyopita kulikuwa na wanawake duniani waliotazamwa bila kusikika, na kulikuwa na mmoja wa kwetu aliyesikika bila kutazamwa. Maisha ya huyo wa kwetu ndiyo tunayotaka kuyasimulia leo, ili mama wa Mukuru, na kila mzazi mwenye swali kama lake, apate la kupimia.

MTUMWA WA FUMBA

Siti hakuzaliwa Siti. Alizaliwa Fumba, kusini ya kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Halikuwa jina la mzaha. Utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku Unguja. Amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897, naye amekwisha kuwa msichana mkubwa. Asili ya wazee wake ilikuwa bara, upande mmoja Tabora na upande wa pili Tanga. Baba yake aliitwa Saad.

Nyumbani kwao kazi ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Mama yake alifinyanga vyungu, na yeye alipopata nguvu alivitia kichwani akavipeleka mjini kuviuza. Kutoka Fumba mpaka mjini si mwendo mfupi kwa mtu anayekwenda kwa miguu na vyungu kichwani. Muuza vyungu hana budi kunadi, nako kunadi kwataka sauti. Yasemekana watu walikuwa wakimtambua Mtumwa kabla hajaonekana, kwa jinsi sauti yake ilivyotangulia mbele yake vichochoroni. Hakusoma shule. Chuo chake cha kwanza cha kuimba kilikuwa njia ya Fumba.

Yapata mwaka 1911 aliacha shamba akahamia mjini. Mwaka huo huo Seyyid Khalifa bin Haroub alikalia kiti cha usultani. Mji wa Unguja wakati ule ulikuwa miji miwili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, majumba ya Waarabu, maduka ya Wahindi na afisi za Waingereza. Upande wa pili wa hori ulikuwa Ng'ambo, nyumba za udongo na makuti, makazi ya waliokuwa watumwa na watoto wao, wachukuzi, mafundi, wavuvi na wauzaji wadogo wadogo. Yeyote aliyepata kukaa Mukuru kwa Reuben na kutazama majengo marefu ya Nairobi kwa mbali hahitaji kuelezwa Ng'ambo ilikuwa nini. Huko Ng'ambo ndiko Siti alikokaa, na huko ndiko alikojulikana.

Jina la Siti alilipata mjini. Kwa Kiarabu maana yake ni bibi, mwanamke mwenye heshima. Basi aliyezaliwa akaitwa Mtumwa alikufa akiitwa Bibi, na baina ya majina hayo mawili ndiyo safari ya maisha yake yote.

TAARAB YAPATA KISWAHILI

Ili kuielewa kazi aliyoifanya, yafaa kujua taarab ilikuwaje kabla yake. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri. Ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga ala ya kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 waungwana wa mji walianzisha chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Lakini taarab hiyo ilikuwa ya wanaume, ya jumbani na ya barazani, na iliimbwa kwa Kiarabu. Waliofahamu maneno yake walikuwa wachache, na wengine waliishia kutikisa kichwa tu.

Siti aliingia katika muziki huo kwa mlango wa nyuma. Muhsin, mtu aliyekuwa na ujuzi wa taarab, aliisikia sauti yake akamfundisha mahadhi na namna ya kwenda sambamba na ala. Baadaye walikusanyika pamoja naye wapigaji na waimbaji hodari: Subeti Ambar, Buda Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, ambaye watu wa Mombasa wamjua kwa santuri zake mwenyewe. Wakawa kikundi kimoja, na mwanamke wa Fumba akawa kiongozi wao.

Jambo jipya walilolifanya lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda: waliiimba taarab kwa Kiswahili. Waliitwa katika harusi na majumba ya matajiri, na waliitwa jumbani kwa Sultani. Lakini usiku mwingine Siti alikuwa nyumbani kwake Ng'ambo, na wapigaji wake, na majirani wamejaa uani na nje ya dirisha. Huko waliimba, wakatungiana, wakapeana habari za mji. Wimbo alioimbiwa Sultani waliusikia na wachukuzi, na wote wawili waliufahamu.

Mafanikio hayakosi wivu. Mahasidi walitunga nyimbo za kumsuta: kwamba ametoka shamba na nguo za kimaskini, kwamba sura hana, na kwamba lau si sauti angekuwa nani. Siti hakugombana. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Mji ukaucheka usuto na ukaushika wimbo wa jibu.

Hapa ndipo ilipo sababu ya kumweka Siti mbali na wasanii wengi wa zama zake. Wakati ule ule, katika nchi nyingine, mwanamke msanii alipimwa kwa sura kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa chombo kipya kilichotawala ulimwengu kilikuwa ni cha macho matupu. Chombo hicho kilikuwa sinema bubu.

SURA BILA SAUTI

Vijana wa leo huenda wasijue sinema bubu ilikuwa nini. Filamu za zamani hazikuwa na sauti. Waigizaji walifungua vinywa na hakuna kilichosikika; maneno yalitokea yameandikwa katika pazia, na kando ya ukumbi alikaa mtu wa kupiga muziki ili kuujaza ukimya. Mjini Unguja jumba la sinema liitwalo Royal Theatre lilifunguliwa mwaka 1921, miaka kumi baada ya Siti kuhamia mjini, na watu wa tabaka zote wakajifunza kukaa gizani kutazama vivuli.

Lakini vivuli hivyo vilikuwa vya nani? Katika nchi za Waislamu na India, swali lile lile la mama wa Mukuru lilikuwa likiulizwa kila mahali. Mwaka 1913 Phalke alipotengeneza filamu ya Raja Harishchandra, hakumpata mwanamke wa kuwa malkia; hata wanawake wasiokuwa na sifa njema mjini walikataa. Mwishowe alimchukua kijana mwanamume, Salunke, aliyekuwa mpishi hotelini, akamvika nguo za kike. Misri nayo ilikuwa hivyo hivyo kwa wanawake wa Kiislamu katika michezo ya jukwaani, mpaka Mounira al-Mahdiyya alipopanda jukwaa mwaka 1915. Tena mwaka 1927 Aziza Amir, mwigizaji wa jukwaani, alitoa fedha na sura yake mwenyewe kuitengeneza filamu ya Laila, mojawapo ya filamu ndefu za kwanza za Kimisri.

Na mjini Bombay alikuwako Fatma Begum. Bibi huyu Mwislamu, aliyezaliwa mwaka 1892, alianza katika michezo ya jukwaani ya Kiurdu, na mwaka 1922 akaingia katika sinema bubu kwa filamu ya Veer Abhimanyu, wakati ambapo wanaume bado wakivaa sari kuigiza wanawake. Hakutosheka na kuigiza. Mwaka 1926 alianzisha kampuni yake, Fatma Films, akaongoza mwenyewe filamu ya Bulbul-e-Paristan, na kwa hiyo ahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa India kuongoza filamu. Mabinti zake watatu, Sultana, Zubeida na Shehzadi, wote wakawa waigizaji.

Fatma Begum aliishi mpaka mwaka 1983. Ukitaka leo kuitazama Bulbul-e-Paristan, huwezi. Imepotea. India ilitengeneza filamu bubu zaidi ya 1,300, na zilizosalia ni sehemu ndogo sana. Ukanda wa filamu wa zamani ulishika moto upesi, uliharibika kwa joto na unyevu, na sauti ilipokuja watu waliziona filamu bubu kuwa takataka. Hata Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, aliyoigiza Zubeida binti wa Fatma, imepotea pia. Mwanamke aliyevumilia maneno ya watu ili aonekane, leo haonekani.

SAUTI BILA SURA

Mwaka 1928, Fatma Begum akiwa kazini mjini Bombay na kampuni yake, meli ilitia nanga katika bandari ya mji huo, na ndani yake walikuwamo Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja. Walikuwa wameitwa na kampuni ya santuri ya HMV, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza kinanda. Kampuni ilikuwa imeona kwamba santuri za Kimisri na za Kihindi zanunuliwa sana katika pwani ya Afrika Mashariki, ikafikiri kwamba watu wa huko wangenunua zaidi kama wangesikia lugha yao. Ilifikiri sawasawa.

Msomaji atafakari hali ilivyokuwa. Wimbo wa taarab kwa desturi hauna haraka. Mwimbaji huurudia ubeti kwa kadiri wasikilizaji wanavyotunza. Santuri ya wakati ule, yenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua yapata dakika tatu tu kila upande. Siti na wenzake walilazimika kuukata wimbo wa nusu saa ukaingia katika dakika tatu, na bado ubaki na ladha. Wala hapakuwa na kusahihisha kosa. Aliyekosea alianza upya.

Walirudi Bombay tena mwaka 1929, na baadaye makampuni mengine nayo yakaja kutafuta sauti za pwani. Santuri za Siti ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, Dar es Salaam, na bara kote kulikofika Kiswahili. Kinanda cha santuri hakikuhitaji umeme. Ulikizungusha kwa mkono, ukaweka sindano, na sauti ikatoka. Mahali palipokuwa na kinanda kimoja, mtaa mzima ulikusanyika. Yeye ahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti katika santuri.

Maelfu waliomjua hawakuwahi kumwona. Picha zake zilizosalia ni chache, naye amejitanda kwa heshima. Katika zama ambazo dunia ilikuwa ikiwatukuza wanawake kwa nyuso zao zilizonyamazishwa, mwanamke wa Fumba aliyesutwa kwa kukosa sura alitukuka kwa sauti peke yake. Akina mama waliokaa ndani majumbani mwao, wasiokwenda sinema wala dansini, walimkaribisha kwa kinanda, akawaimbia chumbani. Ndiyo maana nana wa mama wa Mukuru alikuwa na santuri zake, na hakuna aliyeona aibu.

WALIYOYAIMBA

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Siti aliimba mapenzi tu. Kikundi chake kiliimba habari za mji: jeuri ya makarani, wizi, wanaume wanaopiga wake zao, mahakama na hukumu zake. Wimbo wake wa Kijiti ndio unaokumbukwa zaidi katika hizo. Wasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alivuka bahari akaenda zake, na sheria ikawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa yule marehemu. Watu wa Ng'ambo waliiona hukumu hiyo kuwa dhuluma, lakini nani angewasikiliza? Hawakuwa na gazeti wala wakili. Walikuwa na Siti. Wimbo ule ulitiwa katika santuri, na leo, karibu miaka mia moja baadaye, majalada ya kesi hiyo yanasomwa na wataalamu wachache, bali wimbo wenyewe waimbwa na watu wasioweza kulitaja jina la hakimu.

Hiyo ndiyo sababu waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha chama chao cha TAMWA mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakuchagua jina la malkia wala la mke wa mkubwa. Walichagua jina la muuza vyungu.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Mungu amrehemu. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, na si vibaya kukumbusha kwamba bingwa huyo wa Kiswahili, katika watu wote aliopata kuwajua, alimwona mwanamke huyu asiyejua kusoma kuwa mtu wa kuandikiwa wasifu. Alioacha nyuma walimfuata. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013, alikuwa akisema kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Mombasa ikatoa akina Zuhura Swaleh na Malika. Na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa santuri iitwayo Siti of Unguja, yenye nyimbo za mama yake mkuu.

NINI CHA KUJIFUNZA

Sasa turudi kwa swali la mama: watu watasemaje? Hukumu ya dini katika mambo ya muziki na jukwaa tunawaachia masheikh, nao wamelizungumza sana. Lakini katika hilo la watu watasemaje, maisha ya Siti yatupa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba watu watasema hata hivyo. Walimsema Siti akiwa na vyungu kichwani, wakamsema akiwa jumbani kwa Sultani. Aliyewanyamazisha si ukoo wala mali. Ni ufundi wake na mwenendo wake. Hakupanda juu kwa kuwatupa wa Ng'ambo. Aliondoka nao, akaimba habari zao, akarudi kwao kulala.

La pili ni zito zaidi. Kinachodumu cha msanii si sifa alizopata usiku ule, bali ni kile watu walichokihifadhi baada yake. Fatma Begum na Siti binti Saad walikuwa wanawake wa zama moja, wote wawili mashujaa. Filamu ya mmoja imepotea kwa kuwa hakuna aliyejali kuitunza. Sauti ya mwingine tunayo kwa kuwa akina nana wetu walizifunga santuri katika khanga wakazitia sandukuni. Hawakujiita wahifadhi wa utamaduni. Waliupenda wimbo tu, wakachelea usivunjike.

Na santuri zile huvunjika. Si za plastiki kama zilizokuja baadaye. Ni ngumu lakini zapasuka kama sahani. Kwa hiyo, ukiwa na moja nyumbani, Mji wa Kale Mombasa, au Lamu, au Malindi, au Mukuru, isimamishe wima kama kitabu, wala usizilundike moja juu ya mwenzake. Iweke mbali na jua na unyevu. Usiipige kwa sindano iliyochakaa, kwa maana sindano mbovu huikwangua sauti na ikishakwanguliwa hairudi. Mtafute mtu wa kuinakili katika vyombo vya kisasa, kisha uirudishe sandukuni. Na kama bibi yako yu hai na azikumbuka nyimbo, mtegee simu yako umrekodi leo, kwani bibi naye ni santuri, na akiondoka ameondoka.

Huko Mukuru kwa Reuben mambo yaliishaje? Mama alilala na swali lake siku tatu. Siku ya nne alimwita binti yake, akamwambia amekubali kwa masharti: mchezo uwe mchana, asimame amevaa kama Siti alivyovaa, na wimbo wa Kijiti uwemo, asiimbe mapenzi matupu. Akafungua sanduku, akatoa buibui la kizamani lililokuwa la nana, akalikung'uta.

Mchezo ulifanywa Jumapili alasiri, katika uwanja mdogo baina ya nyumba za mabati. Watazamaji wengi hawakuwa Waislamu, na wengine hawakuwahi kulisikia jina la Siti. Ulipofika wimbo wa muuaji aliyevuka bahari na wanawake waliofungwa badala yake, uwanja ulinyamaza. Watu wa Mukuru hawakuhitaji tafsiri.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, na ndoo yake tupu ya mahamri. Baada ya hapo kijana mmoja alimsogelea akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule ni binti yako? Ameimba vizuri sana."

"Ni wangu," alijibu mama. "Umemtia sauti katika simu yako?"

"La, mama. Nilikuwa nikitazama tu."

"Siku nyingine mtie," alisema mama, akajitwika ndoo yake akaenda zake nyumbani.